Siku Nzima Mbele za Mungu

Mkristo anaweza kuitaja siku aliyobatizwa, Jumapili aliyopokea kipaimara au usiku aliookoka kwenye mkutano wa Injili. Ukaribu wake na Mungu hauna tarehe ya namna hiyo. Hujengeka katika siku za kawaida, Jumatatu ya kazi, Jumatano ya foleni hospitalini, Ijumaa ya madeni, na hujengeka kwa mambo madogo yanayorudiwa: kifungu cha Biblia, sala fupi, toba ya usiku, msamaha unaoombwa na kutolewa nyumbani. Waamini wengi hungoja moyo uwake ndipo wasali. Historia ya Kanisa inafundisha kinyume chake: waliomjua Mungu kwa kina walikuwa na saa, mahali na utaratibu, wakasali moyo ulipowaka na ulipokuwa umepoa. Sura hii inaeleza utaratibu huo ulikotoka, jinsi unavyofuatwa tangu alfajiri hadi usiku, yanayouzuia, na dalili za kuwa unazaa matunda.

Jambo moja lieleweke mapema. Utaratibu haununui upendeleo wa Mungu. Katika imani ya Kikristo Mungu ndiye anayeanza. Alimwita Abramu atoke katika nchi ya baba yake. Alimwita Samweli akiwa mtoto ambaye bado hajaijua sauti yake. Na katika Yohana 15 Yesu anawaita wanafunzi wake rafiki, kisha anawakumbusha kwamba yeye ndiye aliyewachagua. Anayeamka kusali anaitikia mwito uliokwisha kutolewa. Akisahau hilo, sala hugeuka mzigo kwa mnyonge na majivuno kwa mwenye bidii.

Mizizi katika Maandiko

Biblia huihesabu imani kwa siku. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinasimulia kwamba Waisraeli jangwani walipata mana ya kuwatosha siku moja. Aliyeibakiza hadi asubuhi aliikuta imeingia mabuu na kunuka, isipokuwa ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato. Sala ya Bwana huomba riziki ya leo. Katika Luka 9 Yesu anamtaka mfuasi wake ajitwike msalaba kila siku, na Maombolezo 3 inasema huruma za Mungu ni mpya kila asubuhi. Neema ya jana hushukuriwa, lakini leo ina haja zake.

Siku hiyo ilikuwa na mpangilio. Kutoka 29 inaagiza mwanakondoo mmoja atolewe asubuhi na mwingine jioni, siku zote. Mwandishi wa Zaburi ya 55 anamlilia Mungu jioni, asubuhi na adhuhuri. Danieli, mtumishi mkubwa wa serikali katika nchi ya ugeni, alipiga magoti mara tatu kwa siku katika chumba cha juu chenye madirisha yaliyoelekea Yerusalemu. Mfalme alipotia sahihi amri ya kupiga marufuku maombi kwa muda wa siku 30, Danieli alikwenda nyumbani akasali kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Hakutunga ibada mpya kwa ajili ya hatari. Ujasiri aliokuwa nao mbele ya tundu la simba ulikuwa umelelewa kwa miaka na sala ambazo hakuna aliyeziona kuwa habari.

Yesu mwenyewe aliishi hivyo. Marko 1 inaeleza siku yake moja Kapernaumu: alifundisha katika sinagogi, akamtoa mtu pepo, akamponya mama mkwe wa Simoni, na jua lilipotua mji mzima ukakusanyika mlangoni. Kesho yake, kabla hakujapambazuka, alitoka akaenda mahali pasipo watu, akasali huko. Simoni na wenzake walipomfuata kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta, tayari alijua anakopaswa kwenda: vijiji vingine. Shughuli zilipoongezeka, kujitenga kwake kusali kuliongezeka pia, na kabla ya kuwachagua mitume kumi na wawili alikesha usiku kucha. Mitume waliendelea na saa za Wayahudi. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa tisa, na Petro alikuwa darini akisali saa sita mchana. Ni saa zilezile za hesabu ya Kiswahili, kwa kuwa zote mbili huanzia macheo.

Saa za sala katika Kanisa

Wakristo wa kwanza waliurithi mpangilio huo wakautia maneno ya Kristo. Didake, mwongozo wa Kikristo unaodhaniwa kuandikwa mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, unaagiza Sala ya Bwana isaliwe mara tatu kwa siku, na mfungo ufanyike Jumatano na Ijumaa. Hayo yalikuwa maagizo kwa waamini wote, kina mama wa nyumbani, watumwa na mafundi, muda mrefu kabla ya kuwapo monasteri.

Kuanzia karne ya nne watawa wa Misri na nchi jirani waliifanya sala kuwa kazi ya maisha yao. Katika karne ya sita Benedikto wa Nursia, huko Italia, aliandika Kanuni iliyoigawa siku ya mtawa katika vipindi saba vya sala vya mchana na kimoja cha usiku, akapanga Zaburi zote 150 ziishe ndani ya juma moja. Aliweka pia saa za kazi ya mikono na saa za kusoma Maandiko, akiamini kwamba uvivu ni adui wa roho. Mpangilio huo umedumu hadi leo. Wabenediktini walioanzisha abasia za Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania waliuleta pamoja nao.

Mkulima na mchuuzi hawawezi kuacha kazi mara saba kwa siku. Kwa hiyo, kizazi baada ya kizazi, Kanisa limelazimika kuzirudisha saa za sala mikononi mwa watu wa kawaida. Mwaka 1549 Kitabu cha Sala cha Waanglikana, kilichoandaliwa chini ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer, kilivipunguza vipindi vya sala vikabaki viwili, asubuhi na jioni, na Zaburi zote zikapangwa kwa mwezi badala ya juma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa miaka ya 1962 hadi 1965, uliwahimiza Wakatoliki walei kusali nao Masifu ya Asubuhi na ya Jioni ambayo wengi waliyaona kuwa mali ya mapadre na watawa.

Wamoravian walipata njia fupi zaidi. Mei 3, 1728, katika kijiji cha Herrnhut nchini Ujerumani, Nikolaus von Zinzendorf aliwapa waamini andiko moja la kubeba siku inayofuata, likapelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka 1731 maandiko hayo huchapishwa katika kitabu, moja kwa kila siku ya mwaka, na hutumiwa na Wakristo wa madhehebu mengi. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye Wamoravian wengi zaidi duniani. Somo la kihistoria ni dhahiri: utaratibu unaodumu ni ule unaoweza kubebwa na mtu mwenye kazi, watoto na usingizi.

Asubuhi: Neno kwanza

Karibu mapokeo yote ya Kikristo yanaipa asubuhi nafasi ya kwanza, kwa sababu linalotangulia kuingia moyoni ndilo huipa siku mwelekeo. Zamani mshindani wa saa hiyo alikuwa usingizi. Sasa ni simu. Anayefungua ujumbe wa usiku kabla ya kufungua Biblia huingia siku mpya akiwa tayari na hasira, hofu au tamaa za watu wengine. Wengi waliofaulu kuilinda asubuhi walianza kwa hatua ndogo: simu hulala chumba kingine, au anayesoma Biblia katika simu huzima data hadi amalize.

Msomaji wa Kiswahili amejaliwa Biblia iliyogharimu maisha ya watu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo na akazika mke na mtoto mchanga. Askofu Edward Steere na wasaidizi wake waliendeleza kazi hiyo Zanzibar, na mwaka 1952 ilitoka Biblia nzima ya Union Version ambayo bado husikika katika mimbari nyingi.

Hesabu inasaidia kupanga. Agano Jipya lina sura 260; anayesoma sura moja kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, hulimaliza kwa mwaka mmoja. Zaburi tano kwa siku humaliza Zaburi zote kwa mwezi. Mithali ina sura 31, moja kwa kila tarehe. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, yaani tatu au nne kwa siku kwa anayetaka kuimaliza kwa mwaka. Ya Kikatoliki, yenye vitabu 73, huhitaji muda zaidi kidogo. Kusoma kwa wingi humpa mtu ramani ya Maandiko yote. Kusoma kwa kina, kifungu kifupi kwa utulivu, humpa mazungumzo na Mungu. Mkristo anahitaji yote mawili.

Kusoma kwa kina kuna njia ya kale ambayo katika karne ya 12 mtawa Guigo wa Pili aliieleza kwa hatua nne: kusoma, kutafakari, kusali na kutulia mbele za Mungu. Mfano ni Marko 10, habari ya Bartimayo kipofu wa Yeriko. Kwanza kifungu husomwa polepole, ikiwezekana kwa sauti, mara mbili. Hapo huonekana yaliyopitwa haraka: umati unamkemea kipofu anyamaze, naye anazidi kupaza sauti, Yesu anasimama, kipofu analitupa vazi lake, anaruka, anakwenda. Pili msomaji hutafakari jambo moja lililomgusa, pengine swali la Yesu. Kwa nini amuulize kipofu anataka afanyiwe nini, ilhali haja yake inaonekana na kila mtu? Yaelekea Yesu anataka kumsikia Bartimayo mwenyewe akilitaja hitaji lake. Tatu, msomaji hujibu swali hilohilo kwa niaba yake mwenyewe, akitaja bila kuficha: ada ya mtoto, ndoa iliyopoa, chuki dhidi ya bosi, au kwamba hana hamu tena ya kusali. Nne, huacha maneno, akakaa kimya dakika chache akijua anasikilizwa. Baadaye siku hiyo swali lilelile humrudia, naye hugundua kwamba jibu lake la asubuhi halikuwa la kweli sana, akalirekebisha. Kifungu cha mistari saba kimeishi naye mchana kutwa.

Wengine huandika. Mwalimu Julius Nyerere, aliyejulikana kwa kuhudhuria Misa kila siku, alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili zilizochapishwa mwaka 1996. Kazi ya namna hiyo humlazimu mtu kupima kila sentensi ya Injili hadi aielewe. Asiye mshairi anaweza kupata faida hiyohiyo kwa daftari la kawaida: andiko, jambo moja lililomgusa, sala ya sentensi mbili. Asiyejua kusoma, au asiyeona, ana Biblia za sauti na ana kumbukumbu. Bibi wengi wanaokariri Zaburi nzima hawakuwahi kuingia darasani.

Kusali: kutoka ramani hadi moyoni

Wanafunzi walimwomba Yesu awafundishe kusali, naye akawapa sala yenye mpangilio. Jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake hutangulia. Riziki, msamaha na ulinzi hufuata. Anayeifuata ramani hiyo kwa maneno yake mwenyewe, akitua katika kila ombi, huponywa na tabia ya kuanza na kumaliza sala kwa orodha ya mahitaji yake.

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha kumfundisha kusali. Alimshauri achukue amri moja ya Mungu na kuisokota kwa nyuzi nne: fundisho, shukrani, toba na ombi. Muuza duka wa leo akiichukua amri ya kutoiba, atasali hivi. Fundisho: Mungu anamlinda jirani yangu na mali yake. Shukrani: duka hili, wateja hawa na afya ya kuwahudumia vimetoka kwake. Toba: ule mzani unaopunja kidogo, na chenji ambayo mtoto hakuihesabu. Ombi: moyo unaotosheka, na nguvu ya kuurekebisha mzani leo asubuhi. Luther alimkumbusha Peter kwamba kinyozi mwema huweka macho na mawazo yote kwenye wembe, na kwamba sala inastahili uangalifu huohuo. Aliongeza shauri lenye hekima kubwa: Roho Mtakatifu akianza kumfundisha mtu katikati ya sala, maneno yaliyopangwa na yaachwe, mtu asikilize.

Hapo ndipo mabishano kuhusu sala za vitabuni na sala za papo hapo yanapopoteza makali. Sala iliyotungwa hubeba mtu asiye na maneno, aliyefiwa au aliyechoka. Sala ya moyoni huzuia midomo isizoee maneno bila moyo. Mkatoliki mwenye rozari, Mwanglikana mwenye kitabu chake na Mpentekoste anayesali kwa sauti wana la kujifunza kila mmoja kwa mwenzake.

Mahali pia pana maana, ingawa si lazima pawe chumba. Husimuliwa kwamba Susanna Wesley, mama wa mhubiri John Wesley aliyezaa watoto 19, alijifunika aproni kichwani alipotaka kusali, na watoto wakajua asisumbuliwe. Mama anayeishi na familia nzima katika chumba kimoja Mbagala au Kibera anaweza kufanya hivyo kwa khanga.

Mchana: sala ndani ya kazi

Kumbukumbu la Torati 6 inaagiza maneno ya Mungu yazungumzwe mtu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Paulo anawaandikia Wathesalonike wasali bila kukoma. Agizo hilo haliwezekani kama sala ni kupiga magoti tu. Linawezekana kama sala ni kumgeukia Mungu ndani ya jambo linalofanyika.

Nehemia anatoa mfano ulio wazi. Mfalme wa Uajemi anamuuliza haja yake. Kati ya swali la mfalme na jibu lake, Nehemia anamwomba Mungu wa mbinguni, kisha anajibu. Sala hiyo ilichukua pumzi moja. Muuguzi kabla ya kuingia wodini, dereva wa daladala kabla ya kuwasha gari, mwalimu kabla ya kumwadhibu mwanafunzi, mtumishi wa umma bahasha inaposukumwa mezani: wote wana nafasi ya pumzi moja. Waorthodoksi wamelikuza jambo hili kwa karne nyingi kupitia sala fupi ya kuliita jina la Yesu na kuomba huruma yake, inayorudiwa pamoja na pumzi hadi iwe sehemu ya mtu. Wakatoliki husimama saa sita kengele inapolia na kusali Malaika wa Bwana.

Aliyelishuhudia hili kwa maisha yake ni Bruda Lawrence, askari wa zamani aliyeingia utawani kwa Wakarmeli mjini Paris katika karne ya 17. Alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda, akaifanya kwa miaka mingi. Baadaye alishona viatu vya watawa. Alijizoeza kufanya kila jambo, hata kugeuza chakula katika kikaango, kwa ajili ya kumpenda Mungu, na alikiri kwamba mazoea hayo yalimchukua miaka. Aliposahau, alirudi bila kujilaumu kupita kiasi. Mwishowe hakuona tofauti kati ya muda wa kazi na muda wa sala. Mama ntilie aliyezungukwa na moshi na wateja wenye haraka hayuko mbali zaidi na Mungu kuliko mtawa aliye kanisani, mradi amkumbuke.

Jioni: hesabu na toba

Usiku una kazi yake. Inyasi wa Loyola, katika mwongozo wa mazoezi ya kiroho uliochapishwa mwaka 1548, aliacha njia ya kuipitia siku kwa hatua tano: kumshukuru Mungu kwa mema ya siku, kuomba mwanga wa kuziona dhambi, kuipitia siku saa kwa saa, mawazo, maneno na matendo, kuomba msamaha, na kukusudia kujirekebisha kwa neema yake. Dakika kumi zinatosha. Shukrani hutangulia kwa makusudi, kwa kuwa mtu anayeanza na makosa yake huishia kujitazama mwenyewe.

Thamani ya hesabu hii iko katika uwazi. Kusema kwa jumla kwamba mtu ametenda dhambi hakumgharimu kitu. Kutambua kwamba saa nne asubuhi alimsengenya mwenzake ofisini kwa sababu ya wivu, na kwamba jioni alimfokea mtoto kwa hasira iliyotoka kazini, humwonyesha mtu mahali pa kuanzia kesho. Baada ya wiki chache huonekana mazoea: saa zilezile, watu walewale, majaribu yaleyale.

Toba ya kweli hutoka nje ya chumba. Waefeso 4 inaonya jua lisichwe mtu akiwa bado na hasira, na Zakayo wa Luka 19 aliahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya. Mara nyingine hatua ya mwisho ya sala ya usiku ni kugonga mlango wa chumba cha pili na kuomba radhi, au kupanga kurudisha fedha asubuhi.

Ushirika: wenzi wa safari

Mwamini anayebaki peke yake hujidanganya kwa urahisi. Afrika Mashariki ina ushuhuda wake mkubwa katika jambo hili. Mwaka 1929, kilimani Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda. Wote wawili walikuwa na kiu ya Mungu, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ulisambaa kutoka Rwanda na Uganda hadi Burundi, Kenya na Tanganyika. Nguvu yake ilikuwa katika vikundi vya ushirika ambamo ndugu walitembea nuruni, kwa lugha ya Yohana katika waraka wake wa kwanza: waliungama dhambi zao kwa majina, waliomba radhi, walirudisha vitu walivyoiba. Katika zama za ukoloni Mwafrika na Mzungu waliungamiana na kusameheana, jambo lililowashangaza watu wa pande zote mbili.

Upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 waliamua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo. Majirani hukutana kila juma katika nyumba ya mmoja wao, husoma Injili, huombeana, kisha hupanga nani atamtembelea mgonjwa na nani atachangia msiba. Anayekosa kufika huulizwa, na kuulizwa huko ni ulinzi. Sala ya faraghani hupata chakula chake katika ibada ya pamoja na Meza ya Bwana, na ibada ya Jumapili hubaki tupu kwa asiyesali Jumatatu.

Siku za ukavu

Hufika majira ambapo Biblia haisemi kitu na sala hugonga dari. Wengi huhitimisha kwamba Mungu amewaacha au kwamba imani yao ilikuwa ya uongo. Maandiko yanajua hali hiyo: Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja, na bado Israeli iliihifadhi kama sala. Yohane wa Msalaba, aliyefungwa Toledo na watawa wenzake mwaka 1577, alifundisha kwamba giza laweza kuwa njia ambayo Mungu huachisha roho kuzitegemea hisia ili imtegemee yeye. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba aliishi katika giza la namna hiyo kwa miongo, huku akiamka kila asubuhi kusali na kuwahudumia maskini.

Chanzo cha ukavu hupaswa kuchunguzwa kwa utulivu. Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, kwanza alilala, na malaika akampa mkate na maji. Mwili uliochoka hauwezi kusali vizuri. Huenda kuna dhambi isiyotubiwa au mtu asiyesamehewa. Huenda ni ugonjwa wa sonona, ambao unahitaji daktari pamoja na maombi, na kumwona daktari si upungufu wa imani. Huenda hakuna kosa lolote, ni kukua tu. Inyasi alitoa mashauri mawili yanayofaa katika hali zote: wakati wa ukavu mtu asibadili maamuzi mema aliyoyafanya wakati wa mwanga, na akijaribiwa kufupisha sala, airefushe kidogo. Inafaa pia kumwendea padre, mchungaji au mzee wa imani aliyewahi kupita huko.

Kuanza, na kupima matunda

Anayeanza na aanze kidogo. Robo saa asubuhi, sala za pumzi moja mchana, dakika kumi za hesabu usiku, na kikundi kimoja cha ushirika kwa juma ni utaratibu kamili. Saa na mahali vichaguliwe na visibadilishwe ovyo. Siku ikipita bila sala, mtu aendelee kesho yake bila kujaribu kulipa deni. Baada ya miezi mitatu utaratibu upitiwe upya: kilichozaa kiongezwe, kilichokuwa mzigo bure kiachwe.

Kipimo cha yote si hisia wala idadi ya sura zilizosomwa. Farisayo wa Luka 18 alikuwa na utaratibu mzuri, alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka, akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki kwa sababu sala yake ilimdharau jirani. Isaya 58 inaikataa saumu ya watu wanaowaonea wafanyakazi wao, na Mathayo 25 inaiweka hukumu kwenye mwenye njaa, mgeni na mfungwa. Wagalatia 5 inataja matunda ya Roho: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole na kiasi. Karibu yote huonekana pale tu watu wanapoishi pamoja. Kwa hiyo anayetaka kujua kama amemkaribia Mungu mwaka huu hana budi kuwauliza anaoishi nao: mwenzi wake, watoto wake, msaidizi wake wa nyumbani, aliye chini yake kazini. Wakishuhudia kwamba amekuwa mpole zaidi, mkweli zaidi na mwepesi zaidi wa kuomba radhi, sala zake zinakwenda zinakotakiwa. Wasiposhuhudia hivyo, ameshajua la kuomba kesho asubuhi.